Gari la mkopo halioshwi kwa kipande cha godoro

JUMAMOSI asubuhi katika mtaa wa Makutano mjini Meru, au Majimbo kule Embu, utawakuta vijana wamekunja suruali, ndoo chini, muziki juu, wanaosha ndinga. Kuoshewa gari kunataka hela kila wiki, na mkopo wa sacco nao unataka zake. Wengi wameamua kujifanyia wenyewe. Hakuna ubaya. Ubaya uko ndani ya ndoo.

Tazama Probox au Vitz nyeusi jua likiinama. Ukiona mikwaruzo midogo ya mviringo kama utando wa buibui, mara nyingi si barabara iliyoileta. Ni mwenye gari, kila alipolisugua. Na siku ya kuliuza, mnunuzi ataliendesha kando juani, azunguke mara mbili, kisha aanze kukata bei kwa sababu ya hiyo mikwaruzo. Deni la sacco halitapungua pamoja na bei.

Chanzo ni udongo wetu. Kutoka Runyenjes hadi Nkubu ni mwekundu na unanata. Ukishuka Mbeere, upande wa Siakago na Kiritiri, unageuka vumbi. Ndani yake mna chembe ngumu za mchanga na murram. Juu ya rangi ya gari nako kuna tabaka la vanishi, jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ukianza kusugua kabla tope halijalainika, umelipiga gari lako msasa.

Kwa hivyo maji kwanza, tena mengi, kutoka kwenye paa kushuka chini. Kama huna mpira wa maji, pampu ya mgongoni ya kupulizia kahawa inafanya kazi fiti, mradi iwe haijawahi kutiwa dawa. Ile ya mzee ya kuulia magugu iache ilipo.

Kisha sabuni, na hapa ndipo wengi hupotea. Sabuni ya unga ya kufulia nguo inapendwa kwa kuwa inang'oa tope haraka. Lakini ni kali: inaondoa nta yote, inakausha mipira ya madirisha, na punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo ni afadhali kidogo, ingawa nayo huondoka na nta. Zile zinazopimwa kwa lita dukani kutoka kwa mtungi usio na jina mimi singezigusa. Hujui zimetiwa nini, na muuzaji mara nyingi hajui pia. Tafuta shampoo ya gari yenye lebo, maelezo ya kuchanganya na alama ya ubora ya KEBS. Inaonekana ghali, lakini ndoo nzima hutaka kiasi kidogo tu, hivyo chupa moja inakaa.

Ndoo ziwe mbili. Moja ya sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Kile kipande cha godoro kinachotumiwa kila mahali kitupe. Matundu yake hushika mchanga, nawe unauzungusha mlango hadi mlango. Nunua vitambaa vya maikrofaiba, na cha kuoshea rimu kisiguse bodi kamwe, maana vumbi la breki lina chuma. Kikianguka chini, kimestaafu kwa siku hiyo.

Osha kivulini. Meru iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na jua la saa sita hukausha sabuni kabla hujaisuuza, ikaacha madoa. Ila kivuli cha mvokado kina ndege, na mavi ya ndege yana asidi inayokula vanishi. Usiyakwangue kwa ukucha. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika chache, kisha uyanyanyue.

Kuna neno linalotuchanganya: polishi. Watu huita kila kitu kinachong'aa polishi, kumbe polishi halisi inakata, yaani inapunguza vanishi kidogo ili mkwaruzo usionekane. Nta haikati, inafunika na kukinga. Ukipiga polishi ya kukata kila mwezi, vanishi itaisha siku moja na hapo umeumia, kwa sababu dawa yake ni kupaka rangi upya. Nta ndiyo ya kurudia kila miezi miwili au mitatu, kwa kiasi kidogo, gari likiwa safi na kavu.

Dizeli ya kung'arisha tairi? Achana nayo, inadhoofisha mpira. Na dawa ya kung'arisha tairi au dashibodi isifike kwenye diski za breki, pedali wala usukani. Anayesafiri kati ya Meru na Embu anaijua ile miteremko ya kuelekea daraja la Nithi, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na zaidi ya watu 30 wakafariki. Si mahali pa mguu kuteleza kwenye breki.

Taa zilizogeuka manjano husafishwa kwa msasa laini wa 1000 kisha 2000 ukiwa na maji, halafu zipakwe kinga ya jua. Dawa ya meno hung'arisha, sikatai, ila bila hiyo kinga manjano hurudi.

Na usiteremke Rupingazi au Kathita kuoshea mtoni. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na huko chini kuna mtu anayateka ya kupikia.

Kama hela ni kidogo mwezi huu, anza na vitambaa viwili na ndoo ya pili. Shampoo ifuate. Nta inaweza kungoja mshahara ujao.