Msaiprasi: Mlinzi wa Ua Anayehitaji Kutunzwa

Katika vilima vya Burundi, Rwanda na Kigezi, hata nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ni nadra kupita kijijini usione msaiprasi. Wengi huuita mti wa Krismasi, kwani haupukutishi majani masika wala kiangazi. Asili yake ni milima ya Meksiko na Guatemala, lakini baridi ya vilima hivi imeufaa sana. Leo hii ni ua wa nyumba, kinga ya upepo na mbao za mjenzi.

Mwenye kutaka ua mzuri na aanze na mbegu bora. Vitunda vyake vya mviringo vilivyogeuka rangi ya kahawia huchumwa na kuanikwa juani mpaka vipasuke. Mbegu ni ndogo mno. Zifunikwe kwa udongo mwembamba, kivulini, na kunyunyiziwa maji kwa upole. Baada ya wiki mbili au tatu huanza kuota. Mche ufikapo urefu wa sentimita 25 hivi, upandwe mvua zinapoanza, mizizi isikunjwe, na mbuzi wazuiwe.

Katika kuupogoa ndipo wengi wanapokosea. Huuacha ua ukue ovyo kwa miaka, kisha huufyeka kwa panga hadi matawi makuukuu ya ndani. Msaiprasi si mkaratusi, ambao hukatwa ukachipua tena. Tawi kuukuu lisilo na majani halichipui, na pengo hubaki daima. Basi ua upunguzwe kidogo kidogo kila mwaka, sehemu ya chini ikiachwa pana kuliko ya juu, ili matawi ya chini yapate jua.

Adui mkubwa wa mti huu ni kidukari. Alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuingia Kenya. Hunyonya utomvu, na mate yake huudhuru mti; majani hugeuka kahawia, tawi baada ya tawi. Familia nyingi ziliona ua wa miaka mingi ukikauka. Mwaka 1994 nyigu mdogo atagaye mayai ndani ya mwili wa kidukari aliachiliwa huko Malawi ili kumpunguza, lakini mdudu huyo hakutoweka.

Kwa hiyo, mama au baba mwenye nyumba na afunue matawi ya ndani mara kwa mara. Masizi meusi na misururu ya sisimizi wafuatao utamu ni dalili mbaya. Matawi yaliyoshambuliwa yakatwe na kuchomwa, na bwana shamba aulizwe kabla ya kununua dawa. Miche isichukuliwe mahali penye ugonjwa. Tena ni busara kuchanganya miti ya aina nyingine katika ua, ili boma lisibaki tupu kwa msimu mmoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.