Kiazi kinakuwa cheusi juu ya nini, na zebaki inafanya nini mu ngozi

Menya kiazi cha kizungu ukiache ku sahani: kitambo kidogo kinakuwa cheusi. Kazi hiyo inafanywa na enzime yenye kuitwa tirozinaze, na bila shaba haiwezi kitu. Mu ngozi yetu, enzime ya jamaa hiyo njo inatengeneza melanini, rangi nyeusi yenye kutukinga na jua.

Zebaki ya mu sabuni na mafuta ya kuchubua inakamata nafasi ya shaba, enzime inasimama. Dada mwenye kujiandaa kwa ndoa anapauka, watu wanamsifu (sisi waagronomu, mahindi ikipauka vile tunatafuta ugonjwa). Lakini zebaki inapita mu ngozi, inaenda kuharibu mafigo. Kama ana mimba, inaweza kufikia mtoto. Maji ya kuoga nayo inaipeleka mtoni, mu samaki wa wote.

Mu 2020 Mkataba wa Minamata ulikataza vipodozi vyenye zebaki kupita miligramu 1 kwa kilo. Ku soko bado inauzwa. Basi mbele ya kulipa, soma karatasi: «calomel» ni zebaki ile ile. «Clobetasol» ni dawa ya daktari. Ukiizoea, ngozi inakuwa nyembamba, na hata kidonda cha kupasuliwa wakati wa kuzaa kinakawia kupona.