Jinsi sumaku inavyofichua uchakavu wa oili ya mitambo

OILI ikichakaa ndani ya injini haipigi kelele. Mwenye mtambo hugundua baadaye, vyuma vinapoanza kusagana. Ndiposa wengi huibadilisha kwa kuhesabu kilomita au saa za kazi, ingawa huenda inayomwagwa ingali nzuri, au iliharibika kitambo.

Sampuli inaweza kupelekwa katika maabara, lakini mara nyingi majibu huchelewa ilhali mtambo unaendelea kufanya kazi. Hii ndiyo sababu wataalamu wamegeukia vihisi vinavyotumia resonansi ya sumaku, mbinu ileile inayotumiwa na mashine za MRI hospitalini.

Msingi wa mbinu hii uliwekwa nchini Marekani mwaka wa 1946 na Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja akifanya utafiti wake kivyake. Wawili hao walituzwa Nobeli ya Fizikia mwaka wa 1952.

Molekuli za oili zimejaa hidrojeni, na kiini cha kila atomu ya hidrojeni ni mithili ya kijisumaku. Oili ikiwekwa karibu na sumaku yenye nguvu, vijisumaku hivyo huelemea upande mmoja. Kisha kihisi hutuma wimbi la redio la masafa maalumu, takriban megahezi 42.6 kwa sumaku ya tesla moja, na kuviyumbisha. Wimbi likikatizwa, hutoa ishara hafifu inayonaswa na koili.

Siri imo katika muda ambao ishara hiyo huchukua kufifia. Katika oili nyepesi, molekuli hujigeuza kwa urahisi na ishara hudumu. Katika oili nzito, hufifia upesi. Hivyo basi, oili iliyoathiriwa na joto na oksijeni hadi ikawa nzito huonyesha muda mfupi kuliko ilipokuwa mpya. Iliyoingiliwa na dizeli huonyesha muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mitego. Chembechembe za chuma kilichosagika pia hufupisha muda huo. Aidha, oili iliyozidi uzito kisha ikachanganyika na dizeli yaweza kuonekana nzima, kumbe ina kasoro mbili zinazofichana. Joto nalo huifanya oili kuwa nyepesi, kwa hivyo sharti lipimwe pamoja.

Katika miaka ya tisini, watafiti wa mjini Aachen, Ujerumani, waliunda kifaa cha aina hii kinachobebeka mkononi, kikitumia sumaku za kudumu badala ya zile kubwa zinazopozwa kwa heliamu. Ni sumaku ndogo kama hizo zinazowezesha kihisi kufungwa kwenye mtambo wenyewe.

Kwa vyovyote vile, usomaji mmoja hautoshi. Fundi anapaswa kwanza kupima oili ya aina hiyohiyo ikiwa mpya, kisha afuatilie mabadiliko yake mara kwa mara. Badiliko la ghafla ndilo ishara ya kusimamisha mtambo na kuukagua kabla haujaharibika.