Mzigo Mbele Kidogo ya Ekseli

Mwangalie hamali wa soko la Kongowea anavyopakia mkokoteni. Gunia la kwanza hulilaza juu ya ekseli, la pili mbele yake, la tatu nyuma, na kila baada ya magunia machache huinua mikono ya mkokoteni kidogo kuupima. Ukiwa mwepesi mno, husogeza gunia mbele. Ukimlemea sana, hulirudisha nyuma. Anataka umkalie mikononi kwa uzito mdogo tu, wa kumwonyesha kwamba mzigo hauko nyuma. Akikosea, mwinuko wa kwanza utamning'iniza hewani na magunia yatakuwa barabarani.

Trela yoyote hufuata kanuni hiyo hiyo: ya boti inayopelekwa Mtwapa, ya ng'ombe wa machinjio ya Kibarani, ya farasi inayovutwa na pikapu, hata ile ndefu ya kontena inayopanda Changamwe kutoka bandarini. Wenye trela huuliza kwanza inabeba tani ngapi, na ni haki yao. Lakini zipo trela zinazopinduka au kuyumba ambazo hazikuzidisha tani. Tani zake zilikaa mahali pabaya.

Hesabu ya sentimita 30

Chukua trela ya ekseli moja, ambayo kutoka kwenye kiungo cha kuvutia hadi ekseli ni mita 3. Trela na mzigo wake, jumla, ni kilo 1,000. Kitovu cha uzito huo kikiwa sentimita 30 mbele ya ekseli, kiungo kitabeba kilo 100 na magurudumu kilo 900. Sasa sukuma mzigo nyuma mpaka kitovu kiwe sentimita 30 upande wa pili wa ekseli. Magurudumu yatabeba kilo 1,100, na kiungo, badala ya kukandamizwa, kitavutwa juu kwa nguvu ya kilo 100. Hujaongeza hata kilo moja, ila umeyapunguzia magurudumu ya nyuma ya pikapu uzito wa kushikia barabara.

Trela iliyoelemea nyuma huyumba. Upepo wa kusi ukiipiga ubavuni juu ya daraja, au basi likiipita kwa kasi, mkia husukumwa upande. Uzito ulio nyuma ya ekseli hauusaidii mkia kurudi, huuendeleza. Mkia ukirudi hupitiliza, na kadiri mwendo unavyokuwa mkubwa ndivyo kila yumbo linavyozidi la kabla yake, mpaka trela inaanza kuligeuza gari linaloivuta.

Ndiyo maana mafundi wa trela zinazovutwa na pikapu hutaka kiungo kibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela iliyopakiwa. Kwa trela ya kilo 1,500, hiyo ni kilo 150 hadi 225. Kuzidisha nako kuna madhara: mkia wa pikapu unakaa chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani unachelewa kuitikia, na usiku taa zinawapiga machoni wanaokuja. Kitabu cha gari huonyesha uzito ambao kiungo kinaruhusiwa kubeba. Kama kikomo hicho ni kidogo kuliko hesabu yako, kifuate na upunguze mzigo.

Kupima si kazi ngumu. Mfanyabiashara wa jumla anayepimia magunia ana mizani ya sahani. Egesha trela iliyopakiwa mahali tambarare, zuia magurudumu kwa vigingi, kisha shusha kiungo juu ya mizani kwa kimo kile kile kinachokuwa nacho kikiwa kimefungwa kwenye gari. Namba utakayoisoma ndiyo uzito unaouhitaji.

Trela ilale sawa

Baada ya mizani, chukua pimamaji. Trela ikiwa imefungwa kwenye gari, imepakiwa, na tairi zina upepo wa kutosha, iweke pimamaji juu ya fremu, au pima kwa futi kutoka ardhini hadi fremu mbele na nyuma. Vipimo viwili vinatakiwa kulingana. Usipime trela ikiwa tupu, kwa sababu pikapu hushuka inapolemewa na kipimo cha asubuhi kitakuwa cha uongo mchana.

Kwa trela ya ekseli mbili jambo hili ni zito zaidi. Pua ikiinuka, ekseli ya nyuma hubeba kupita sehemu yake: tairi zake hupata moto, breki zake huchoka, na mkia unakaribia ardhi. Pua ikiinama, ekseli ya mbele ndiyo inayoumia. Dawa ni kubadilisha kimo cha kiungo kwenye gari, kukishusha au kukipandisha. Vipande vya mbao chini ya springi huinua chuma tu na kuanzisha tatizo jingine.

Mzigo wenye miguu

Gunia likishafungwa hukaa. Mnyama hakai. Farasi mmoja mkubwa ana kilo 450 hadi 500, na amesimama, kwa hiyo uzito wake uko juu. Akirudi nyuma hatua moja amefanya ile hesabu ya sentimita 30 bila kukuuliza. Kwa sababu hiyo trela ya farasi ina kizuizi cha kifua, kizuizi cha nyuma na ukuta wa kati. Ng'ombe nao wagawanywe kwa vizuizi. Ukiwaacha wote katika chumba kimoja, breki moja kali itawakusanya mbele.

Pia kuna suala la kushoto na kulia. Barabara zetu nyingi zimeinuka katikati na kushuka pembeni ili maji ya mvua yatiririke. Kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, trela huinamia kushoto muda wote. Mnyama akiwa mmoja, au mmoja akiwa mzito kuliko mwenzake, mzito apande kulia, upande wa dereva. Miongozo mingi ya Marekani husema kushoto, kwa sababu wao huendesha kulia.

Mteremko wa Likoni

Tambarare inasamehe makosa ambayo kivuko cha Likoni hakisamehi. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, njia ya kushukia kwenye feri inakuwa ndefu, na kupanda ng'ambo ya pili ndiko kunakopima upakiaji wako.

Hapa kimo cha mzigo kinaingia. Tuseme kitovu cha uzito kiko mita 1 juu ya ekseli, na njia inapanda mita 1 kwa kila mita 8. Katika kupanda, kitovu hicho hurudi nyuma kama sentimita 12. Zile sentimita 30 ulizoweka akiba zimebaki 18. Rundika mzigo mpaka kitovu kiwe mita 2 juu ya ekseli, na zitabaki kama 5. Katika kushuka mambo hugeuka: uzito wote huja mbele, na mvuta mkokoteni hujikuta anasukumwa na mali anayoivuta. Vizito viwe chini, basi, na vyepesi juu.

Mizani ya Mariakani

Kwa malori, hesabu hii imeandikwa kuwa sheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka vikomo vya uzito kwa kila ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa jozi ya ekseli zenye tairi nane, na tani 24 kwa ekseli tatu zenye tairi kumi na mbili. Lori la ekseli sita la aina hiyo lina kikomo cha tani 50. Katika mizani ya Mariakani, iliyo chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, jumla hupimwa, na kila kundi la ekseli pia hupimwa.

Chukua kontena la futi 20 lenye tani 28, juu ya trela ndefu. Lori tupu na trela yake tuseme ni tani 15. Jumla ni 43, chini kabisa ya 50. Lakini kontena likiwekwa nyuma, kitovu chake kikawa juu ya zile ekseli tatu, zitabeba tani zote 28 pamoja na sehemu ya trela yenyewe, na kikomo chake ni 24. Dereva ana nafasi ya tani saba kwenye karatasi na bado amevunja sheria. Isitoshe, magurudumu yanayoendesha kichwa hayana uzito wa kushikia, nayo yatateleza mvua ikinyesha. Kontena hilo hilo likisogezwa katikati, kati ya kichwa na ekseli za nyuma, mzigo hugawanyika na lori hupita.

Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka uzito wa kila kontena lenye shehena uthibitishwe kabla halijapakiwa melini. Uthibitisho huo husema kontena lina uzito gani. Hausemi uzito umekaa upande gani ndani. Wanaopakia kontena wafuate kanuni hii: nusu moja ya urefu wake isibebe zaidi ya asilimia 60 ya shehena.

Barabarani

Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uelekee mbele, uache mwendo upungue wenyewe. Kama breki za trela zina kidhibiti chake ndani ya gari, zishike taratibu. Ukishasimama, hamisha mzigo mbele kabla ya kuendelea, maana kupunguza mwendo kumezima yumbo tu, hakukuondoa kilicholileta.

Tena usawa wa asubuhi haudumu siku nzima. Mtu anapakia Changamwe, saruji mbele na mabati nyuma, trela imelala sawa kabisa. Anashusha saruji Likoni na kuelekea Ukunda na mabati peke yake, yote nyuma ya ekseli, mzigo umepungua nusu na hatari imeongezeka. Kitakachoshushwa mwisho kipakiwe karibu na ekseli, mbele yake. Na kama hakikupakiwa hivyo, kazi ya kusogeza mabati ifanywe pale pale Likoni, kabla gari halijashika njia ya Ukunda.