Kiputo Kinasema kwa Lugha Gani? Riwaya za Picha, Vitu vya Wakusanyaji na Kiswahili cha Kongo

0. Utangulizi

Katika maduka ya vitabu ya Brussels na Paris kuna rafu ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za watoto, na ambazo leo hutembelewa na watu wazima wenye mishahara. Humo hupangwa hadithi za michoro, zile ambazo wasomaji wa Kongo wamezoea kuziita bédé, pamoja na vitabu virefu vya namna hiyo ambavyo siku hizi huitwa riwaya za picha. Kando yake huuzwa vitu vilivyozaliwa na hadithi hizo: sanamu ndogo za wahusika, vikombe, saa, mabango, na ile roketi ya miraba myekundu na myeupe iliyotoka katika safari ya Tintin kwenda mwezini. Wanunuzi wake ni washabiki wanaojua kila ukurasa kwa moyo na ambao hawachoki kutafuta toleo la kwanza. Biashara hiyo si ya mchezo. Mwezi wa Januari 2021, mchoro mmoja ambao Hergé aliutengeneza mwaka wa 1936 kwa ajili ya jalada la Le Lotus bleu uliuzwa mjini Paris kwa zaidi ya euro milioni 3.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja ambalo bei hizo hulificha. Hadithi ya michoro imejengwa kwa vitu viwili, yaani picha na maneno. Kinachokusanywa, kinachonunuliwa kwa bei kubwa na kuwekwa ndani ya kabati la kioo, ni picha. Sanamu ya mhusika haisemi kitu. Kwa hiyo mtaalamu wa lugha hana budi kuuliza: maneno yalikuwa yapi, yaliandikwa kwa lugha gani, na nani aliyepewa haki ya kusema vizuri? Kwa upande wa Kiswahili cha Kongo, swali hilo lina uzito wake, kama itakavyoonekana.

1. Kiputo na kazi yake

Ukurasa wa hadithi ya michoro hugawanywa katika visanduku. Kila kisanduku huonyesha kitambo kimoja cha tukio, na msomaji mwenyewe ndiye anayejaza kwa akili yake yale yaliyopita kati ya kisanduku na kisanduku. Maneno huingia kwa njia tatu. Kwanza kuna maelezo ya msimulizi, ambayo huandikwa juu au chini ya picha. Pili kuna kiputo, yaani duara lenye mkia unaoelekea kwenye kinywa cha anayesema. Mkia ukigeuka kuwa viduara vidogo, maneno hayo yamewazwa tu, hayakutamkwa. Tatu kuna maneno ya mlio, yanayochorwa ndani ya picha bila kiputo.

Lugha ya Kiswahili ina faida na taabu zake katika kazi hiyo. Faida ya kwanza inatokana na ngeli. Mhusika anapolia «Kimevunjika!», kiambishi ki- humwelekeza msomaji moja kwa moja kwenye kikombe kilichochorwa, hata kama kimelala pembeni mwa picha. Akisema «Yamemwagika!», jicho huyatafuta maji. Kifaransa kikisema «C'est cassé», hakimwonyeshi msomaji kitu chochote. Faida ya pili ni wingi wa tanakali. Wachoraji wa Ubelgiji wana milio kama «plouf» na «crac»; Kiswahili kina chubwi ya kitu kinachotumbukia majini na pu ya kitu kinachoanguka chini, na zaidi ya hayo kina tanakali zisizo za mlio hata kidogo: kulala fofofo, giza totoro, nyeupe pe, kujifunika gubigubi. Mchoraji anaweza kuandika ukutani mwa chumba hali ambayo haina sauti.

Taabu ni urefu wa maneno. «Hawakutuonya» ni neno moja lenye herufi 12. Kifaransa hueleza jambo hilo hilo kwa maneno sita mafupi, «Ils ne nous ont pas prévenus», ambayo yanaweza kupangwa katika mistari mitatu ndani ya kiputo chembamba. Neno la Kiswahili halikubali kukatwa ovyo. Kwa hiyo kiputo cha Kiswahili huhitaji upana, na mchoraji anapaswa kuliwazia jambo hilo kabla ya kuchora, si baada yake. Ndiyo sababu hadithi iliyochorwa kwa ajili ya Kifaransa, kisha ikatafsiriwa, mara nyingi huwa na herufi zilizobanwa mpaka msomaji anachoka.

2. Mbwa asemaye vizuri

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwanza ni Tintin au Congo. Hadithi hiyo ilitolewa kwa sehemu katika gazeti la watoto la Brussels, Le Petit Vingtième, kuanzia mwaka wa 1930 hadi 1931, na mwaka huo wa 1931 ikawa kitabu. Mwandishi wake, Georges Remi aliyejiita Hergé (1907-1983), hakuwahi kufika Kongo. Mwaka wa 1946 alikichora upya kitabu hicho kwa rangi, akabadilisha baadhi ya mambo. Katika toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto wa shule habari za Ubelgiji, nchi inayodaiwa kuwa yao. Katika toleo la rangi anawafundisha hesabu.

Mengi yamesemwa juu ya picha za kitabu hicho, na kwa haki. Mwaka wa 2007 Mkongomani mmoja aliyekaa Ubelgiji alishtaki ili kitabu kipigwe marufuku au kitolewe pamoja na onyo. Mahakama ya Brussels ilikataa mashtaka hayo mwaka wa 2012, na rufani yake ikakataliwa mwaka huo huo. Lakini maneno hayakuchunguzwa sana kama picha. Wakongomani wa kitabu hicho, wakubwa kwa wadogo, husema Kifaransa kilichovunjika, kisicho na minyambuliko wala viunganishi. Milou, mbwa wa Tintin, anasema pia katika hadithi hiyo. Naye husema Kifaransa safi. Msomaji mtoto hahitaji kuelezwa lolote zaidi. Amekwisha kuambiwa na sarufi yenyewe nani mwenye akili na nani asiyekuwa nayo. Mabadiliko ya mwaka wa 1946 yaliondoa somo la Ubelgiji, lakini lugha iliyovunjika ilibaki katika viputo.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu unaonyesha wanakijiji wakiisujudia sanamu ya Tintin na mbwa wake. Miaka mingi baadaye, katika masoko ya sanaa ya Kinshasa, mafundi wa Kongo walianza kuchonga Tintin kwa mti, kumpaka rangi na kumwuza kwa wageni. Washabiki wa Ulaya huipenda sana sanamu hiyo, maana haifanani na zile za kiwandani. Mtu anaweza kuona hapo ushindi wa kufuru juu ya ukurasa ule wa mwisho: waliochorwa wakiabudu sanamu sasa wanaiuza. Hata hivyo ushindi huo una mpaka. Fundi amejipatia chakula cha siku, lakini sanamu aliyoichonga haina kiputo, na yale yaliyosemwa katika kitabu hayakujibiwa.

3. Wakongomani washika kalamu

Jibu lilitoka kwingine. Mwaka wa 1968 lilianzishwa mjini Kinshasa gazeti la Jeunes pour Jeunes, ambamo wahusika kama Apolosa na Sinatra walisema jinsi vijana wa mji walivyosema, pamoja na Indubil, lugha ya mtaani iliyochanganya Lingala na Kifaransa. Hapo lugha iliyochanganywa haikuwa tena alama ya ujinga, bali alama ya ujanja na ya mji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mongo Sisé (1948-2008) alitoa hadithi za Mata Mata na Pili Pili, majina mawili yaliyokuwa yamejulikana tangu filamu za wakati wa ukoloni. Baadaye alimwumba mhusika wake Bingo. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka wa 1959, alifika mbali zaidi katika soko la Ulaya. Kitabu chake Madame Livingstone, alichokitoa mwaka wa 2014 pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, kinasimulia vita vya kwanza vya dunia katika ziwa Tanganyika, na meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ile ile ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Liemba. Mahali pa hadithi ni nchi ya Waswahili. Lakini kitabu kiliandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu mchapishaji na wanunuzi walikuwa wa Kifaransa.

Njia nyingine ilifuatwa na Papa Mfumu'eto wa Kwanza. Tangu mwaka wa 1990 alichora na kuandika mwenyewe, kwa Lingala, vijarida vya karatasi hafifu vilivyouzwa njiani Kinshasa. Habari zake zilikuwa zile za mtaa: uchawi, ndoa, fedha, wakubwa wenye siri. Vilisomwa na watu wengi wasiogusa kitabu cha Kifaransa, vikapita mkono hadi mkono mpaka vikachakaa. Leo mtafiti atakayetaka kuviona vilivyosalia itampasa kusafiri mpaka Marekani, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, inayohifadhi karatasi za msanii huyo.

4. Na Kiswahili?

Kinshasa ilipata Mfumu'eto kwa Lingala. Tanzania ilipata gazeti la Sani, lenye wahusika kama Ndumilakuwili na Lodilofa. Kenya ilipata Shujaaz, lililoanza mwaka wa 2010 kwa Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi. Mjini Lubumbashi, Pie Tshibanda na mchoraji Nsenga walitunga Les refoulés du Katanga, juu ya watu wa Kasai waliofukuzwa mkoani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tukio hilo liliishiwa kwa Kiswahili, katika stesheni na katika nyua za watu; hata hivyo jina la kitabu chake ni la Kifaransa, lugha ya shule.

Wengine husema kwamba shida ni kuchagua Kiswahili gani. Katika Kiswahili bora, kile cha shule na cha kanisa, mtu huandika watu, watoto, vitabu; katika Kiswahili cha Lubumbashi husema bantu, batoto, bitabu. Ulinganifu wa ngeli uliosifiwa hapo juu hupungua katika usemi wa mji, na pamoja nao ile nguvu ya kiambishi ya kuelekeza jicho. Wasanii wengi wangeweza kukubaliana juu ya njia ya kati: msimulizi aandike Kiswahili bora, wahusika waseme jinsi watu wanavyosema. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina mtego. Iwapo daktari, mwalimu na padri watapewa Kiswahili bora, na mwizi, mpishi na mlevi ndio peke yao watakaopewa Kiswahili cha mji, basi kosa la mwaka wa 1930 litakuwa limerudiwa na wenye nchi wenyewe. Kiswahili cha Lubumbashi huombolezea wafu, huhukumu mashauri na kukumbuka historia. Katika kiputo kisipewe kazi ya kuchekesha tu.

Kwamba kinaweza kubeba historia, ushahidi upo. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville jinsi watumishi wa nyumbani walivyoijua. Maandishi hayo yalichapishwa na Johannes Fabian mwaka wa 1990. Mfano wa pili unakaribia zaidi riwaya ya picha. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alitengeneza picha zipatazo 100 zinazofuatana, zikisimulia historia ya Zaire tangu mababu. Kila picha ilikuwa na maandishi yake, mengi kwa Kifaransa. Lakini alipokuwa akizionyesha kwa Fabian, Tshibumba alizieleza kwa Kiswahili, na maelezo hayo yalinaswa katika kanda. Yalitolewa pamoja na picha katika kitabu cha mwaka wa 1996. Picha za Tshibumba zilitawanyika pengi, zikatundikwa ukutani kwa ajili ya rangi zake. Mfululizo huu ndio unaosomeka kama hadithi, kwa kuwa mtu mmoja alijali kuhifadhi maneno pamoja na picha.

5. Hitimisho

Washabiki wa Brussels na Paris wana fadhila moja ambayo Chuo Kikuu kinaweza kuiiga bila haya: hawatupi karatasi. Tofauti ni katika kinachotafutwa. Mkusanyaji hutafuta kitu adimu. Mtaalamu wa lugha anatafuta usemi adimu, hata kama umeandikwa juu ya karatasi iliyofungia karanga. Kila kijarida cha michoro chenye Kiswahili, kiwe cha parokia, cha kampeni ya afya au cha kijana anayechora katika daftari, ni hati ya lugha. Inafaa kiandikwe tarehe na mahali kilipopatikana, na mwenye kukichora aulizwe, angali hai, kwa nini mhusika huyu anasema «watu» na yule «bantu». Kazi hiyo haihitaji euro milioni 3. Inahitaji sanduku kavu, kalamu, na mwanafunzi mwenye subira. Na isipofanywa Lubumbashi, wajukuu watakuja kuomba ruhusa ya kusafiri ili wakasome ng'ambo maneno yaliyosemwa uani kwa babu zao.