Ruzuku Ifuate Maziwa

Kila inapotajwa ruzuku ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, watu huuliza kwanza ni kiasi gani kitatolewa. Sisi tunaona swali la kwanza lingekuwa jingine: fedha hizo zitapita mlango gani hata zimfikie mfugaji wa shamba mwenye ng'ombe mmoja au wawili?

Kwamba fedha za umma zaweza kumfaa mfugaji huyo, Unguja haihitaji kufundishwa. Tangu mwaka 1994 ndege ziliruka juu ya kisiwa zikimwaga mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, mpaka idadi yao ikapita milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba, 1996. Ng'ombe wa maziwa, ambaye zamani kumfuga karibu na msitu wa Jozani kulikuwa ni kumweka rehani kwa nagana, akapata pa kukaa. Neema hiyo haikuuliza nani ana ng'ombe wangapi.

Ruzuku ya fedha taslimu ina mambo yake. Nchi za Ulaya Magharibi zilipowahakikishia wakulima wao bei ya maziwa bila ya kuweka mpaka, mwenye zizi kubwa ndiye aliyevuna zaidi, na siagi na maziwa ya unga vikajaa maghalani hata mwaka 1984 ikabidi kila nchi iwekewe kiwango. Ziada iliuzwa ng'ambo kwa bei iliyopunguzwa kwa fedha za serikali, na mfugaji wa nchi maskini akaachwa ashindane na hazina ya Ulaya. Ilikuwa ni Desemba, 2015, tena mjini Nairobi, ndipo wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walipokubaliana kuiondoa ruzuku ya namna hiyo kwa mazao yanayouzwa nje.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa jimbo la Karnataka, kusini ya India. Mwaka 2008 serikali ya jimbo hilo ilianza kumlipa mfugaji rupia 2 kwa kila lita anayoipeleka kwenye chama cha ushirika cha kijiji. Baadaye zikafika 5. Maziwa hupimwa kwanza, na fedha huingia katika akaunti ya mfugaji mwenyewe. Ng'ombe wa kwenye karatasi hana nafasi hapo, maana anayelipwa ni aliyeleta ndoo. Hata hivyo, huko nako malipo yamewahi kulimbikizwa kwa miezi, na pumba, kama ajuavyo kila mfugaji, hazinunuliwi kwa ahadi.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika na mifugo, wakati wa kupanga fungu la namna hii, walipe kwa lita, waweke ukomo kwa kila kaya ili mwenye zizi kubwa asimeze fungu lote, na orodha ya waliolipwa ibandikwe kituoni kila mwezi, wenyeji waisome. Na pale pasipo na kituo cha kukusanyia maziwa, kijengwe kwanza. Mfugaji wa Makunduchi au Micheweni asiye na pa kupeleka maziwa ya jioni hatapata hata shilingi moja katika mpango wa kulipa kwa lita.