Kifuniko cha gata kisiwe maficho ya mbu

Mvua za masika zikikaribia, wenye nyumba wengi huuliza ni kifuniko gani cha gata, yaani mfereji wa paa, kitakachozuia majani yasiingie. Swali hilo ni la fundi, lakini hata daktari lamhusu. Maji yakituama penye majani yaliyooza, mbu aina ya Aedes hutaga humo. Huyu ndiye aenezaye dengue na chikungunya, maradhi yaliyozuka Mombasa mwaka wa 2017. Penye joto, yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Likikauka, huweza kungoja mvua kwa miezi kadhaa.

Vifuniko vinavyotumiwa sana ni vya namna nne.

Wavu wa matundu makubwa hupitisha maji kwa urahisi na kuzuia majani mapana kama ya mwembe. Lakini majani madogo ya jakaranda na mvinje hupenya, yakaozea chini yake.

Sponji hujaza mfereji na kuzuia hata majani hayo. Hata hivyo vumbi huliziba, likabaki na unyevu, na mbegu huweza kuota juu yake.

Kifuniko kizima cha bati kina ukingo uliopindwa. Maji hushikamana nao na kuufuata hadi mferejini, huku majani yakianguka chini. Mvua ikipiga kwa nguvu, maji huruka ukingo yakamwagika. Tena mbu huweza kupenya kwenye mwanya, na mwenye nyumba haoni yaliyomo.

Wavu wa matundu madogo sana huchuja vyema zaidi, lakini vumbi likiutanda, maji hupita juu yake. Sharti usuguliwe kwa brashi.

Yafaa ieleweke kwamba hakuna hata kimoja kizuiacho viini vya kinyesi cha ndege. Kwa hivyo maji ya kwanza yasiingie tangini. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 50 za mraba huleta kama lita 50. Yamwageni hayo, na ya kunywa yachemsheni.

Chagueni kifuniko kinachofunguka kwa urahisi. Mfereji uinamishwe kidogo kuelekea kwenye bomba, ukaguliwe kabla ya masika na vuli, na mdomo wa tangi ufungwe wavu wa mbu. Mfereji ulio wazi lakini safi ni bora kuliko uliofunikwa ukasahauliwa.